Robo Inchi

Nilianza kujifunza kuchora kwa rangi ya mafuta nikiwa na miaka hamsini na tisa, na sikuanza kwa sababu naipenda sanaa. Nilitaka kutoka nyumbani. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanisifu bure njiani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Kwa zaidi ya miaka thelathini, ukikuta kinyozi au bucha mjini Kakamega ina herufi zilizonyooka na kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri ukutani, huenda mkono ulikuwa wangu. Barabara ya Malava bado yuko ng'ombe wangu mmoja kwenye ukuta wa bucha. Rangi imepauka, lakini anacheka vilevile, ingawa anauzwa kwa kilo. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, mteja akawa anaingia asubuhi na kutoka saa sita na bango lake kwapani. Sikumlaumu mtu. Ningekuwa na duka hata mimi ningeenda huko.

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Tulijuana kwa sababu ya bango la kibanda chake: alitaka mwanamke aliyevaa gauni, nami nikamchorea mwanamke mwenye mikono miwili ya kushoto. Akaniita nirudi kuirekebisha mikono, nikarudi, kisha nikawa narudi tu. Alikuwa mtu wa vipimo. Mteja akiwa bado mlangoni, yeye alishajua kiuno chake, na ile tepu aliyoivaa shingoni ilikuwa ya kumridhisha mteja. Nguo aliyoishona haikurudishwa, na mimi kila shati langu liliponibana alinijua kabla sijasema.

Siku moja alikuwa anakata sare za shule, mkasi ukaanguka, naye akaufuata. Tuliporudi kutoka hospitalini, upande wa kulia ulikuwa umelala: mguu, mkono na uso. Jicho la kulia lilizama kidogo, kona ya mdomo ikashuka, na mate yakawa yanatokea hapo bila yeye kujua. Maneno yalirudi baada ya miezi kadhaa, yakiburuta. Moja ya maneno ya kwanza lilikuwa "kioo," na alipoona nakishusha kumletea, akatikisa kichwa kwa hasira. Alitaka kifunikwe. Nikatundika leso juu ya hicho kioo cha ukutani, ikakaa hapo.

Watoto wetu wawili wako mbali na wana kazi zao. Wanapiga simu. Kwa hiyo kumwosha, kumgeuza, kumlisha, kumpeleka chooni na kufua vilikuwa vyangu. Nilijifunza kupika uji usio na madonge, maana donge moja tu lilitosha kumkaba. Kila asubuhi nikishamkalisha kwa mito, alikuwa anapeleka mkono wake mzima, wa kushoto, mdomoni. Anaweka kidole gumba kwenye kona moja, anakipeleka kwenye kona ya pili, anarudia. Nilijua anafuta mate. Nikawa nampa kitambaa kabla hajamaliza, naye anakipokea bila neno.

Wageni walikuja kwa zamu, kama ilivyo desturi, wakaomba, wakanywa chai yangu, na wakati wa kuaga lazima mmoja aniambie, "Ng'ombe haelemewi na nunduye, mzee." Nilikuwa natamani kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kukaa na ng'ombe akamuuliza. Mimi msemo wangu ulikuwa ule mwingine, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huo mwenye mzigo hausemi mbele ya wageni. Nilikuwa nawasindikiza hadi langoni, nawashukuru, kisha narudi kukusanya vikombe.

Nilikuwa nimechoka. Si mgongo tu, ingawa nao ulikuwa unalia. Nilikuwa nimemchoka yeye, sauti yake akiniita, kijiko kikigongwa kwenye kikombe, harufu ya sabuni ya dawa kwenye mashuka. Nilimpenda na nilimchoka, vyote viwili ndani ya nyumba moja. Hofu yangu kubwa haikuwa kwamba atakufa. Ilikuwa kwamba ameshajua.

Mwalimu wangu alinikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimesimama mbele ya makopo ya rangi, sinunui chochote. Alikuwa mwanamke mstaafu aliyefundisha sanaa katika sekondari ya wasichana, nami niliwahi kuwaandikia lango la shule yao. Tukasalimiana.

"Fundi, siku hizi unafanyanga nini?"

"Nauguza, mwalimu."

"Na hizo mikono?"

"Nazo zinauguza."

Akanitazama kidogo, kisha akaniambia ana watu wawili watatu wanaokuja kwake Jumamosi kujifunza, na kama napata saa chache niende. Nilisema nitafikiria. Ukweli ni kwamba sikufikiria hata dakika moja. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani atakaa na mgonjwa.

Aliyekaa naye ni mdogo wa mke wangu, anayeishi Shianda na kuuza mboga sokoni. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Wewe enda, mulamwa," akaniambia, yaani shemeji. "Mimi na dada tutapiga stori." Likabaki la kumweleza mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa namlisha uji, nikasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi nitakuwa naenda upande wa Shinyalu kujifunza kuchora sura ya mtu vizuri.

"Ya nani?" akauliza.

Nikakoroga uji kwanza. "Yako," nikasema.

Kijiko nimekishika hewani. Kisha akasema, neno moja moja, "Basi nichore. Ile ya kubebwa mbele."

Kwetu huku mtu akizikwa, yuko anayetembea mbele ya jeneza na picha ya marehemu ndani ya fremu. Mara nyingi ni picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso umekuwa ukungu, au imekatwa kwenye picha ya harusi ya watu, na bega la mtu mwingine bado liko pembeni. Studio nazo zina huruma zao. Mjomba wangu alibebwa akiwa na suti na tai, na hakuwahi kumiliki tai tangu kuzaliwa kwake. Wajukuu walikuwa wanauliza huyo ni nani.

"Wacha maneno ya kubebwa," nikamwambia.

"Sitaki ya kitambulisho. Hapo naonekananga kama mwizi wa kuku."

Nilicheka, naye akacheka na upande mmoja, uji ukamwagika, nikafuta. Hivyo ndivyo kisingizio changu kilivyogeuka ahadi. Kila Jumamosi jioni baada ya hapo, kabla sijavua viatu, alikuwa ananiuliza nimefika wapi.

Darasa lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mwalimu, kando ya kijishamba chake cha majani chai. Alipofungua mlango siku ya kwanza alinionyesha picha iliyotundikwa peke yake ukutani. Ilikuwa sura ya mwanamke mzee, kubwa karibu sawa na kichwa cha kweli, imechorwa kwa rangi ya mafuta mpaka ukiwa mbali unataka kumwamkia. Kitambaa cha kahawia kichwani, mashavu yamebonyea, mikunjo midogo juu ya mdomo. Jicho la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, kijivu kama maji ya mchele, na kope yake imeanguka nusu.

"Huyu ni mama yangu," mwalimu akasema. "Nilimchora nikiwa chuo. Wewe utamnakili mpaka umjue. Hutachora mtu mwingine kabla ya huyo."

Nilidhani itachukua Jumamosi mbili. Mimi niliyekuwa namaliza ukuta mzima wa duka kabla ya mvua ya saa tisa. Nilijiona mkubwa sana kwa hilo, na kwa kweli nilikuwa nadharau kidogo. Sisi watu wa mabango tukisema rangi ya mafuta tunamaanisha ile ya kopo, ya milango na madirisha, inayokauka ukila chakula cha mchana. Hii ya mwalimu ilikuwa kwenye vichupa vya kuminya kama dawa ya meno, na baada ya juma zima ukiigusa inakufuata kwenye kidole.

Kitambaa cha kuchorea nilikitoa nyumbani, marekani iliyobaki kwenye kibanda cha mke wangu. Nilikivuta juu ya fremu ya mbao, nikakipaka gundi na rangi nyeupe, kikakaza kama ngoma. Mwalimu alikigonga kwa kidole akaridhika. Lilikuwa jambo pekee aliloridhika nalo kwa muda mrefu.

Siku ya kwanza nilimzungushia yule bibi mstari mweusi. Uso, pua, macho, midomo, vyote na mstari wake, ndivyo mkono ulivyozoea. Bila mstari mtu aliye ng'ambo ya barabara haoni kitu. Mwalimu akaja nyuma yangu, akasimama.

"Fundi, huyu anauza nini?"

"Hauzi kitu, mwalimu."

"Basi mbona umemwandika kama duka?"

Akaninyang'anya rangi nyeusi, hakunirudishia mpaka leo. Akanifundisha kuipata kwa kuchanganya buluu na kahawia. Akageuza picha ya mama yake juu chini na kuniambia ninakili hivyohivyo, kichwa kimeangalia sakafu, ili nisijue nachora pua. Nikijua ni pua, alisema, nitachora pua ninayoijua. Ngozi yetu niliyoipaka miaka yote kwa kopo moja la kahawia, akanionyesha ndani yake kuna kijani chini ya taya, kuna zambarau pembeni mwa jicho. Nilikataa. Nikaangalia mkono wangu mwenyewe karibu na mlango, na kijani kilikuwepo.

Kosa langu kubwa lilikuwa la haraka. Wiki ya tano rangi ya shavu ilikuwa bado mbichi, nami nataka kuendelea. Nikaja na kikopo changu cha rangi ya milango mfukoni, nikaipaka juu ya ile mbichi wakati mwalimu ametoka. Ilikauka mbele ya macho yangu, nikafurahi. Jumamosi iliyofuata shavu lote lilikuwa limejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kisu.

"Kwarua," akasema. "Hiyo ya chini ilikuwa bado inapumua, umeifunika pua."

Nikakwarua wiki tatu za kazi. Nikirudi nyumbani siku hiyo mikono ilikuwa inanuka tapentaini, na mke wangu akauliza nimefika wapi. Nikamwambia nimerudi nyuma.

"Hata mimi," akasema. Mguu aliokuwa ameanza kuusogeza ulikuwa umekataa tena juma hilo.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na mimi nilikuwa samaki mkavu. Lakini niliendelea, na si kwa bidii. Ni kwamba ndani ya chumba kile cha mabati hakuna aliyeniita. Kwa saa nne nilikuwa nakaa mbele ya uso ambao haukuhitaji kugeuzwa wala kufutwa. Nilikuwa napenda hata kelele ya mvua kwenye bati, kwa sababu ikinyesha sana boda boda hazipandi ule mlima na nina haki ya kuchelewa. Nikirudi nilimkuta shemeji amemsuka nywele dada yake, wananyamaza ghafla mlango ukifunguka, kama watoto. Wakati huo niliona wananionea haya.

Mwezi wa sita wa darasa yule bibi wa picha alikuwa amefanana. Mashavu yalikuwa yake, kitambaa kilikaa kichwani badala ya kuelea. Nikamaliza macho yote mawili Jumamosi moja, nikarudi nyuma kumtazama, nikaona kazi nzuri. Mwalimu akaja. Alitazama muda mrefu, akatazama ukutani, akatazama tena kazi yangu.

"Hii jicho ya kushoto umetoa wapi?"

Nilikuwa nimelifungua. Nilikuwa nimelipa mboni nyeusi na tone jeupe la mwanga, sawa na mwenzake. Sikukusudia, au nilikusudia bila kufikiri. Mtu wa mabango hamwachi mteja na kasoro. Kinyozi akikupa picha ya kichwa chenye kovu, wewe unaondoa kovu, hiyo ni adabu ya kazi. Na meno yaliyopangana vibaya unayapanga.

"Nimemsaidia kidogo, mwalimu," nikasema.

"Hakuwa ameomba msaada."

Alisema bila sauti ya ukali. Kisha akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa analifanya, akaniambia mama yake aliona kwa jicho moja miaka kumi na mitano. Alikuwa anageuza kichwa kidogo kumtazama mtu, hivi, na watoto wake wote walijua upande wa kukaa ili waonwe. "Ukiifungua hiyo jicho," akasema, "sisi tulikuwa tunakaa upande huo bure."

Nilikwarua lile jicho mwenyewe, sikungoja kisu. Ilinichukua Jumamosi tatu kupata kijivu chake, na hiyo kope. Siku nilipoipata mwalimu alitundika kazi yangu kando ya ile yake, akatoka nje kuchuma mboga. Niliporudi baada ya kunawa nikamkuta dirishani anazitazama zote mbili kutoka nje. Akaniambia sasa naweza kwenda kwa mtu wangu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa miezi yote nilikuwa nimejificha nyuma ya mama wa mtu mwingine.

Nilimchora mke wangu siku za Jumapili asubuhi, wakati majirani wako kanisani na hakuna mgeni wa kubisha hodi. Namkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, mto upande wa kulia asiinamie, naweka fremu juu ya stuli na kuiegemeza kwenye kiti kingine, mgongo wa picha ukiwa kwake. Alikuwa amesema hataki kuona mpaka iishe. Nyimbo zilikuwa zinatufikia kutoka kanisa la barabarani, yeye akizifuata kwa kidole kwenye mkono wa kiti.

Lazima niseme jambo la aibu. Siku ya kwanza niligundua kwamba sikuwa nimemtazama tangu augue. Nilikuwa natazama mdomo kuona kama amemeza, mgongo kuona kama una kidonda, kucha kama zimekua. Nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama sufuria isije ikafurika. Sasa nilikuwa nimekaa mita mbili mbele yake, sina kazi nyingine ila kuangalia, naye ananiangalia. Alikuwa amezeeka. Shingo yake ilikuwa nzuri bado. Jicho lililozama lilikuwa na rangi ya zambarau pembeni, ile niliyokuwa nimebishana na mwalimu, na lile zima lilikuwa linanipima.

"Unachoka?" nikamuuliza.

"Wewe?"

"Hapana," nikasema, na nikaendelea.

Mdomo niliuacha mwisho. Nilijua. Wiki ya saba hakukubaki pengine pa kujificha, nikauchora, na brashi ikaenda yenyewe ikaunyoosha. Kona zote mbili sawa, kama wakati wa kibanda. Nilikaa nikautazama ule mdomo, nikaona yule fundi wa kibandani aliyeniita nirekebishe mikono, na moyo ukaniuma kwa sababu nilimtamani. Nilitaka arudi. Nilitaka huyu aliye kitini aende akamlete. Nikachukua kisu nikakwarua kabla sijabadili nia, nikauchora upya na kona ya kulia imeshuka. Nilipomaliza nilikuwa na jasho. Nilijiona nimesema kweli yote, na nilijipa heshima kidogo kwa hilo.

"Imeisha," nikamwambia.

Kanisani walikuwa wamefika kwenye matangazo. Sauti ya mtu mmoja ilikuwa inasoma majina. Niligeuza picha, nikaishika mbele yake juu ya magoti yangu, karibu, maana jicho moja haliendi mbali. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia pazia la dirisha.

Boda boda ikapita barabarani, na nyingine. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Nilidhani anataka kunishika. Aliweka kidole gumba kwenye uso wake mwenyewe kwanza, kwenye kona ya mdomo iliyo nzima, akakipeleka chini ya pua mpaka kona ya pili, polepole, na nikaijua ile safari. Ilikuwa ileile ya kila asubuhi. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimpa kitambaa, na hakuwa anafuta kitu. Alikuwa anapima.

Halafu akakipeleka kidole kwenye picha.

"Hapa umenionea huruma," akasema. "Iko chini zaidi."

"Nimeishusha, mama."

"Robo inchi bado."

Akakibonyeza kidole kwenye kona ya mdomo, rangi ikiwa mbichi kabisa, akaivuta chini. Hakutetemeka. Alivuta kama alivyokuwa anavuta pindo la nguo ya mteja, akaachia, akarudisha kichwa nyuma kutazama. Nikatazama na mimi. Alikuwa yeye. Nilikuwa nimeishi na ule mdomo, nimeufuta mara ngapi kwa siku sijui, na nilikuwa nimeukosea kwa robo inchi.

Nikaanza kulia, jambo lililomkera.

"Wacha. Utaharibu rangi."

Nikaweka picha kitandani. Nikaja na kitambaa na chupa ya tapentaini, nikapiga magoti kumsafisha kidole. Rangi ilikuwa imeingia chini ya ukucha. Nilikuwa namfuta polepole, sina haraka ya kwenda popote, naye ananitazama utosini.

"Ulikuwa unaendanga huko kunipumzika," akasema.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miezi yote ya majibu, nimefika wapi, nimerudi wapi. Lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Ndiyo," nikasema.

"Nilijua tangu ile siku ya uji." Akapumzika kidogo, maneno marefu yalikuwa yanamchosha. "Hata mimi nilikuwa napumzika wewe. Hiyo Jumamosi yote mimi na dada tunakusema."

"Mnasema nini?"

"Vitambaa," akasema. "Kila saa kitambaa."

Akacheka na upande mmoja. Mate yakatoka kwenye ile kona, yakateremka. Nilikuwa na kitambaa mkononi, kinanuka tapentaini. Sikukipeleka. Nilingoja, na baada ya muda akainua mkono wake, akajifuta mwenyewe kwa mgongo wa kiganja.

"Jumamosi enda," akasema.